Kuhama Jiji Bila Kulazimika Kurudi Wiki Inayofuata

Muulize mtu anayehama jiji ameshikwa na kazi gani, atakuonyesha maboksi. Ndiyo yanayoonekana, yamejaa sebuleni na yanamziba njia ya kwenda jikoni. Lakini boksi likisahaulika, rafiki atalipeleka stendi nawe utalipokea kesho kutwa. Kisichoweza kutumwa ni sahihi yako mbele ya karani, alama ya kidole chako benki, au sura yako mbele ya mtu anayekudai. Nimehama majiji mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilirudi kwa ajili ya karatasi moja. Safari ya pili ilinila siku tatu, kwa fomu ambayo ningeijaza kwa dakika tano wakati naishi hatua mia mbili kutoka ofisi ile.

Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa swali moja: je, jambo hili linataka niwepo mwenyewe? Linalotaka uwepo linatangulia. Lile unaloweza kulimaliza ukiwa mbali, kwa simu au kwa barua, lisubiri hata kama linakuwasha.

Hatua ya 1: Karatasi yenye mstari katikati

Kama muda upo, anza wiki nane kabla. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika "lazima niwepo", kulia "hata nikiwa mbali". Kisha orodhesha kila kinachokufunga na jiji hilo.

Usitegemee kumbukumbu, maana kichwa cha mtu anayehama hakiaminiki. Pitia vitu vyenyewe. Mwaga pochi mezani, kila kadi ina ofisi nyuma yake. Pitia taarifa ya benki ya miezi 12, si mitatu, kwa sababu kuna malipo yanayojitokeza mara moja tu kwa mwaka: bima, ada ya chama, leseni. Pitia programu zilizo kwenye simu. Mwisho shika kishada cha funguo zako uhesabu mmoja mmoja. Kila ufunguo una mlango, na kila mlango una mwenyewe: ofisini, stoo, sanduku la barua, kabati la mazoezi, nyumba ya rafiki aliyekuachia ufunguo wa akiba. Mimi niliwahi kukuta ufunguo wa ukumbi ambao tuliacha kuutumia miaka miwili nyuma, na mlinzi wake alikuwa bado anaulizia.

Ukiwa na wiki mbili badala ya nane, fanya vivyo hivyo, kisha uutupie macho upande wa kulia mara moja tu na kuuacha mpaka ufike unakokwenda.

Hatua ya 2: Mwenye nyumba

Usimpigie simu kabla hujasoma mkataba wa pango. Tafuta mambo matatu. Kwanza, notisi ni ya muda gani. Pili, inaanza kuhesabiwa lini: siku unayoitoa, au tarehe inayofuata ya kulipa kodi? Hapa ndipo wengi hupoteza kodi ya mwezi mzima, kwa kutoa notisi siku mbili baada ya tarehe badala ya siku mbili kabla. Tatu, mkataba unasemaje kuhusu amana, yaani ile dipoziti uliyoweka ulipoingia.

Notisi iwe ya maandishi hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kutaniana naye kila asubuhi. Weka tarehe, weka nakala, na umwombe akujibu kwa maandishi pia, ujumbe wa simu unatosha.

Halafu fanya jambo ambalo wapangaji wengi hawalifanyi: mwombe aje akague nyumba wiki tatu kabla ya kuondoka, siyo siku ya mwisho. Siku ya mwisho wewe una lori mlangoni na huna nguvu ya kubishana. Lolote atakalolitaja atalikata kwenye amana, kwa bei yake. Akilitaja wiki tatu kabla, unamwita fundi wako, kwa bei mliyopatana. Mkiwa mnakagua, tenganisha uchakavu na uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua na sakafu iliyolika mlangoni ni uchakavu, nyumba yoyote inayokaliwa hufikia hapo. Kioo kilichopasuka, bawaba iliyong'oka na matundu ya misumari uliyopigilia mwenyewe ni juu yako.

Siku nyumba ikishakuwa tupu na kufagiliwa, rekodi video moja isiyokatika. Anzia mlango wa nje, ingia kila chumba, onyesha kuta, dari na madirisha, fungua mabomba, washa taa, inama uonyeshe chini ya sinki. Malizia kwenye mita ya umeme na ya maji, namba zisomeke. Bili ya mwisho ikija na usomaji mwingine, utakuwa na cha kuwaonyesha.

Hatua ya 3: Karatasi za maisha yako

Hapa ndipo siku zinapoliwa, kwa hiyo hapa ndipo uanze kutembea mapema. Ofisi nyingi zinaweza kukupa hati ukiwa mbele yao kwa siku chache, na hati hiyo hiyo ikachukua miezi ukiiomba kutoka mbali, kwa sababu hakuna anayekusukumia faili lako.

Kama una watoto shuleni, omba barua ya uhamisho, ripoti za mitihani na jina la vitabu vinavyotumika katika kila somo. Hilo la vitabu hakuna atakayekuambia uliombe, lakini mwalimu mpya atalipenda kuliko ripoti, maana litamwonyesha mtoto amefika wapi. Kama unaacha kazi, chukua barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo chako na sahihi ya mtu ambaye bado yupo ofisini. Kampuni hufungwa na mabosi huhama. Miaka mitano baadaye utakuwa unatafuta mtu wa kuthibitisha kuwa ulifanya kazi mahali ambapo siku hizi ni duka la viatu. Mwombe na mwenye nyumba barua fupi kuwa ulilipa kodi kwa wakati. Huko uendako hakuna anayekujua, na barua hiyo ina uzito kwa mwenye nyumba mwingine.

Kagua majina. Weka vyeti vyote mezani, kuanzia cha kuzaliwa, shule, ndoa, kitambulisho hadi pasipoti, na usome herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Y na kingine I, rekebisha ukiwa bado uko karibu na ofisi iliyokosea.

Anayevuka mpaka wa nchi ana mawili ya ziada. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda, ikihesabiwa kutoka siku ya kuingia au hata ya kutoka; iliyobakiza minne inaweza kukurudisha uwanja wa ndege. La pili ni uthibitisho wa vyeti. Nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 hutambuliana vyeti kwa muhuri mmoja uitwao apostile, ambao hutolewa na nchi iliyotoa cheti, siyo ile unayokwenda. Ukishaondoka bila muhuri huo, cheti chenyewe itabidi kisafiri kurudi kwao. Kama nchi mojawapo haimo kwenye mkataba, njia huwa ndefu zaidi: wizara, kisha ubalozi, kila mmoja na foleni yake na ada yake.

Vyote vikikamilika, vipige skani. Watu wa kompyuta wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa anayehama maana yake ni karatasi halisi mkononi mwako, nakala kwenye diski ndogo, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Karatasi halisi hazipandi lori, hata iweje. Zinakaa kwenye begi unalolilalia kichwa.

Hatua ya 4: Mwili wako nao una faili

Nenda kwa daktari na daktari wa meno kabla hujawa mgeni kwao. Omba muhtasari wa matibabu, majibu ya vipimo vikubwa na picha za eksirei. Kama unavaa miwani, omba namba za macho zilizoandikwa, siyo fremu mpya tu.

Wanaotumia dawa kila siku wamwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara lililoko kwenye boksi. Majina ya kibiashara hubadilika kila nchi. Hata majina ya kitaalamu hayalingani kila mahali: parasetamoli huko Marekani huitwa acetaminophen, na salbutamol ya wenye pumu huitwa albuterol. Beba dawa za mwezi mmoja au zaidi, zikiwa kwenye vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari.

Kadi za chanjo za watoto zisipakiwe na nguo zao. Kama nchi unayokwenda inadai cheti cha homa ya manjano, fahamu kuwa cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, basi kuchomwa mkesha wa safari hakusaidii. Ulichopata zamani usikitupe: tangu Julai 2016, Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Mbwa na paka wana ratiba ngumu kuliko yako. Kwa mfano, kuwaingiza nchi za Umoja wa Ulaya kunataka mnyama awekwe kwanza chipu ya utambulisho, kisha achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha zipite siku 21. Akitanguliza chanjo kabla ya chipu, chanjo haihesabiwi. Akitokea katika baadhi ya nchi anapimwa na damu, siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, na kusubiri miezi mitatu zaidi. Ukiwa na mnyama, yeye ndiye anayepanga tarehe ya kuhama.

Hatua ya 5: Namba ya simu na pesa

Kama ni kosa moja tu nataka ulikwepe, ni la kuzima laini ya simu mapema. Siku hizi namba yako ndiyo ufunguo wa kila kitu: benki hutuma msimbo huko, barua pepe hutuma msimbo huko, hata ukisahau nywila msimbo huenda huko huko. Laini isiyotumika hufungwa na kampuni, na baada ya muda namba inauzwa upya. Anayeinunua ataanza kupokea misimbo yako. Si lazima awe mwizi kukuletea taabu. Inatosha asijibu simu.

Fuata mpangilio huu, na usiruke:

1. Orodhesha kila akaunti inayotumia namba ya sasa. Njia rahisi ni kutafuta kwenye ujumbe mfupi wa simu maneno kama "msimbo" na "thibitisha" uone nani amekuwa akikutumia.
2. Zile zinazoruhusu, hamishia uthibitisho kwenye programu ya simu inayotengeneza tarakimu sita kila sekunde 30. Programu hiyo haihitaji laini wala mtandao, inafanya kazi kwa saa ya simu yako.
3. Chapisha misimbo ya dharura ambayo akaunti hizo hukupa, uiweke pamoja na vyeti.
4. Benki nenda mwenyewe. Nyingi hazibadilishi namba kwa maneno ya simu, na ni vyema wasifanye hivyo. Waambie unahama, waulize kama kadi itafanya kazi uendako, na ubadilishe anwani.
5. Toa au hamisha salio lililoko kwenye akaunti ya pesa ya simu kabla hujaifunga.
6. Laini ya zamani endelea kuiweka hai kwa miezi sita hata kumi na mbili, kwa kifurushi cha chini kabisa. Ni bima ya bei ndogo.

Akaunti ya benki pia usiifunge kwa haraka. Subiri mshahara wa mwisho, marejesho ya kodi ya serikali kama yapo, na ile amana ya nyumba, viingie kwanza. Watu hufunga akaunti siku ya mwisho kwa kutaka kuondoka "safi", kisha amana inatumwa kwenye akaunti iliyofungwa nao wanabaki kupiga simu miezi mitatu.

Anwani ni kazi ya upande wa kulia wa karatasi, isipokuwa posta. Kama posta yenu hupokea ombi la kuelekeza barua kwenye anwani mpya, lijaze kaunta kabla ya kuondoka, maana mara nyingi huomba kitambulisho.

Hatua ya 6: Kipi kinakwenda, kipi kinabaki

Wengi huanza kwa kujiuliza "nakipenda?" Jibu huwa ndiyo, na lori linajaa. Jiulize kwanza: kukisafirisha na kukinunua upya, kipi ghali? Kilicho kizito na rahisi kibaki. Kilicho chepesi na ghali kiende. Vilivyobaki katikati ndivyo vya kuvipima kwa mapenzi.

Fanicha za mbao za kusaga, zile zinazokuja na skrubu na karatasi ya maelekezo, mimi sizibebi tena. Skrubu ikishatoka kwenye mbao ile mara moja, tundu limelegea. Kabati likiunganishwa upya linayumba kama jino la mtoto. Mbao ngumu ni habari nyingine, hiyo ivunje kwa utaratibu uende nayo.

Vyakula vya stoo na vya kwenye friji vianze kuliwa wiki nne kabla, bila kununua vipya. Mimea mwachie jirani. Nchi nyingi hazipokei udongo mpakani, na hata ndani ya nchi moja mmea unaweza kuumia ukikaa siku mbili ndani ya lori lenye giza.

Vikubwa viuze mapema lakini makabidhiano yapange karibu na mwisho, kwa malipo ya awali. Niliwahi kufurahia kupata mteja wa kitanda haraka, akakichukua jioni ile ile. Nililala sakafuni usiku kumi na moja.

Hatua ya 7: Kufunga

Anza na chumba unachokitumia kidogo kuliko vyote, umalizie jikoni.

Vitabu viende kwenye maboksi madogo. Boksi la sentimita 40 kila upande likijazwa vitabu hufika kilo 40 hivi, na chini yake hupasuka ngazini. Lenga kilo 20, mtu mmoja aweze kubeba bila kuguna. Nguo na mito ndiyo ya maboksi makubwa. Sahani zisimamishe kama vitabu kwenye rafu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Zikiwa wima hustahimili mtikisiko vizuri zaidi. Taulo na mashuka yatumie kuzungushia vyombo, usinunue cha kufungia wakati unacho.

Andika ubavuni mwa boksi, siyo juu, kwa sababu yakishapangwa juu ya boksi hapaonekani. Namba tu inatosha, na orodha ya kilichomo ikae kwenye simu. "Boksi 14" halimwambii mtu kitu. "Kamera na vito" linamwambia kila kitu.

Skrubu za kila fanicha zitie mfuko mdogo na ubandike mfuko huo kwenye fanicha yenyewe. Piga picha nyaya za nyuma ya televisheni na kompyuta kabla ya kuzichomoa.

Friji izimwe saa 24 kabla, mlango ukiwa wazi, barafu iyeyuke na ikaushwe. Isafiri ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta yaliyo kwenye kompresa huingia kwenye mirija, kwa hiyo ukifika isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na kama ililala safari nzima iache mpaka siku ya pili. Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele ilikuja na boliti ndefu za kushikilia pipa la ndani. Kama bado unazo, zirudishe, maana pipa likicheza njiani huvunja vishikizo vyake.

Visivyopanda lori: mtungi wa gesi, petroli, rangi, viberiti. Dawa ya kuondolea madoa yenye klorini isikae boksi moja na dawa ya choo yenye asidi. Zikimwagika pamoja hutoa gesi ya sumu, na ndani ya lori lililofungwa gesi hiyo itamsubiri atakayefungua mlango. Ukisafiri kwa ndege, pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi, si lile la kupimwa uzito. Mashirika mengi huishia kwenye Wh 100 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri), sawa na karibu mAh 27,000 kwa kipimo kinachoandikwa kwenye pawabenki nyingi.

Wenye lori wakupe bei kwa maandishi baada ya kuona mzigo, si kwa kuusikia kwenye simu. Uliza kuhusu bima, na uliza swali ambalo wao hawalianzishi: je, inalipa kilichovunjika ndani ya boksi nililofunga mwenyewe? Mara nyingi jibu ni hapana. Kama ni hapana, vile vinavyovunjika na vyenye thamani ama wavifunge wao, ama uvibebe mwenyewe. Tarehe za katikati ya mwezi huwa nafuu kuliko mwisho wa mwezi, wakati kila mkataba unapoisha na kila lori linatafutwa.

Hatua ya 8: Watu, halafu jiji lenyewe

Hii ndiyo hatua inayosukumwa mpaka inakosa nafasi, nayo iko upande wa kushoto wa karatasi kuliko zote. Mtu huwezi kumuaga vizuri kwa ujumbe wa kundi.

Anza na vya kurudisha. Zunguka nyumba ukikusanya vya watu: kitabu, bisibisi, bakuli, mwavuli. Rudisha kimoja kimoja kwa mkono, maana kurudisha ni kisingizio kizuri cha kuketi nusu saa. Kama kuna unayemdai na unajua hatalipa, msamehe kwa sauti ili asikukwepe kwenye kuaga. Wewe ukidaiwa, lipa, au mwambie mdai tarehe ya kweli.

Sherehe moja kubwa ya kuaga ina raha yake, lakini utaongea na kila mtu dakika nne. Wale watano au sita ambao utawakumbuka kweli, watafute mmoja mmoja. Usiishie kwa marafiki. Kuna mtu anayejua jina lako tu na wewe hujui hata lake: mlinzi wa jengo, fundi viatu, muuzaji wa magazeti. Ukitoweka bila neno watadhani umeugua. Neno moja linawatosha.

Kuhusu jiji, ushauri wa kawaida ni kukimbilia vivutio ambavyo hukuwahi kuviona. Chagua kimoja, hicho kimoja tu, usije ukamaliza wiki ya mwisho kama mtalii. Makumbusho itakuwa pale pale ukirudi baada ya miaka kumi. Kitakachotoweka ni yale ya kila siku: ubao wa duka la kona, kelele za barabara saa kumi na mbili asubuhi, njia ya mkato uliyoivumbua mwenyewe. Chukua asubuhi moja utembee njia yako ya kazini kwa mguu, rekodi sauti, piga picha mlango wa nyumba, ngazi, mwanga unaoingia jikoni. Nina picha nyingi za minara na madaraja ya majiji niliyoishi, na sizifungui. Ninayoifungua ni ya swichi ya taa iliyokuwa imepinda.

Watoto wape kazi hii kwa namna yao. Waache wachore ramani ya mtaa wao, na waage marafiki zao uso kwa uso, hata kama kutakuwa na kilio. Maboksi yao yapakiwe mwisho ili yashuke kwanza, chumba chao kikamilike usiku wa kwanza.

Hatua ya 9: Saa 48 za mwisho

Tenga begi la usiku wa kwanza: nguo za siku mbili, miswaki, dawa, chaja, karatasi ya chooni, sabuni, shuka, kikombe, kisu cha kufungulia maboksi, balbu moja. Begi hili na la vyeti yawekwe mahali ambapo wabebaji hawafiki. Bafuni mlango ukiwa umefungwa panafaa.

Lori likishaondoka, zunguka nyumba tupu mara mbili, ya pili kinyume cha ile ya kwanza, maana jicho huruka kitu kile kile likifuata njia ile ile. Angalia nyuma ya milango, juu ya makabati, kamba ya kuanikia, kwenye oveni, sanduku la barua, na kila soketi ukutani, chaja hupenda kubaki. Rekodi ile video. Soma mita.

Kisha toa kishada cha funguo. Zile za nyumba mkabidhi mwenye nyumba mkononi, akuandikie amepokea ngapi, tarehe na sahihi. Nyingine zote zinapaswa kuwa zimesharudi kwa wenyewe wiki hii. Kama kuna hata mmoja umebaki na hujui ni wa mlango gani, mwulize mlinzi kabla hujapanda gari.